Aliyezama Asionekane: Vyombo vya Kupima Chini ya Maji na Hukumu ya Mafqud

 

Mtu aliye mbali akisikia jina la Katavi huwaza mbuga ya wanyama, mpunga na tumbaku. Aghlabu husahau kwamba mkoa huu upande wa magharibi unaishia majini. Ukitoka Mpanda ukashuka kuelekea Ikola na Karema unakutana na Ziwa Tanganyika, na watu wa huko maisha yao ni dagaa na migebuka. Wanaume huingia ziwani jua likizama, huwasha taa, na hurejea alfajiri. Katika miezi ya kusi, takriban kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini hupiga kwa nguvu na mawimbi ya ziwa hili si madogo. Wako wasiorejea.

Anapokosekana mvuvi, masheikh huulizwa masuala yale yale. Mke wake aanze eda lini? Je, aswaliwe swala ya maiti na mwili haupo? Mali yake igawanywe au isubiri? Na siku hizi limeongezeka suala la nne, ambalo vitabu tulivyosomeshwa havikulitaja kwa jina: ikiwa chombo cha kupimia chini ya maji kimeonyesha mtumbwi umelala sakafuni mwa ziwa, picha ile ina uzito gani mbele ya sharia? Makala haya yanakusudia kulieleza suala hilo la nne, kwa sababu jawabu lake linabadilisha majawabu ya yale matatu. Na haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua vyombo hivyo vinafanya nini hasa. Wanazuoni wametufundisha kwamba kulihukumia jambo ni tanzu ya kulifahamu.

TOKA BILDI HADI MWANGWI

Kupima kina cha maji si jambo jipya kwa watu wa mwambao. Mabaharia wetu walikuwa na bildi, nayo ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu. Nahodha akikaribia nchi kavu huamuru bildi itiwe majini, kamba ikilegea huhesabiwa pima ngapi zimeingia. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na elimu ya namna hii ilikuwa mashuhuri kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi wa zama za Ahmad bin Majid, katika karne ya tisa ya Hijra. (Msomaji wa Mpanda atafurahi kukumbuka kuwa mji wetu nao ulikua kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, na reli kutoka Kaliua ilifikishwa hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi huo.)

Bildi ina aibu moja. Kwenye maji marefu sana kamba huwa nzito kuliko risasi yenyewe, mkondo huipinda, na mpimaji hajui kama amegusa chini au la. Halafu hupima nukta moja tu. Ukitia bildi hapa hujui hatua kumi mbele kuna nini.

Katika karne ya ishirini watu wakaacha kamba wakashika sauti. Mwanga hauendi mbali majini. Hata katika maji safi kabisa, ukipita mita 200 ni giza. Mawimbi ya redio nayo hufa mara yanapoingia majini, na kwa sababu hiyo simu yako na kile kipimo cha satelaiti cha kuonyesha mahali havifanyi kazi chini ya maji. Lakini sauti, ambayo hewani huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja, majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde na hufika mbali sana. Basi chombo hupiga mlio kuelekea chini, mlio hugonga sakafu na kurudi, na saa yake huhesabu muda uliopita. Nusu ya muda huo ukiizidisha kwa mwendo wa sauti unapata kina. Msingi ni huo tu, ni mwangwi ule ule unaousikia ukiita mbele ya jabali.

Ziwa letu lilipimwa kwa njia hii na msafara wa wanasayansi wa Kibelgiji wa mwaka 1946 na 1947, na kina kikubwa kikaonekana kuwa mita 1,470. Ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kwa kuwa uso wa ziwa uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, ina maana sakafu yake imeshuka takriban mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mlio uliopigwa juu ya shimo lile huchukua kama sekunde mbili kwenda na kurudi. Sekunde mbili ni nyingi kwa chombo cha namna hii.

Baadaye vyombo vikaendelea. Kipo kinachopiga mamia ya milio kwa pamoja kama upepeo uliokunjuliwa, kikachora ramani ya ukanda mzima wa sakafu wakati meli inapita. Kipo kinachokokotwa kwa waya karibu na chini, kinamulika pembeni kwa sauti. Kila kilichosimama juu ya sakafu hutoa kivuli, na kivuli ndicho kinachojulisha umbo. Ziko roboti zinazoogelea zenyewe kwa njia waliyozipangia wenyewe wenye kazi, na nyingine huongozwa kwa waya kutoka juu, zina taa, kamera na mikono ya chuma. Hata vile vidude vidogo vya kutafutia makundi ya samaki, vinavyofungwa kwenye boti za kawaida, ni watoto wa ukoo huo huo.

Pamoja na hayo yote, tusidanganyike. Kazi ya dunia nzima ya kuchora sakafu ya bahari kwa vipimo vya kisasa imefikia robo na ushei tu. Robo tatu zilizobaki tunazijua kwa makisio.

PICHA YA SAUTI SI JICHO

Faqihi anayepewa picha ya namna hii hana budi kujua sifa zake tatu.

Kwanza, mlio mwembamba huonyesha vitu vidogo kwa uwazi lakini haufiki mbali. Mlio mzito hufika chini kabisa lakini huonyesha kwa ukungu. Mwenye kupima juu ya kina cha mita 1,000 akiwa juu ya maji hawezi kukuonyesha mtumbwi, seuze mtu. Ili auone ni lazima akiteremshe chombo chenyewe hadi karibu na sakafu.

Pili, kinachoonekana ni umbo, si jina. Jabali refu na mtumbwi uliopinduka vinaweza kutoa kivuli kimoja. Upande wetu wa ziwa una miteremko mikali na mawe mengi karibu na pwani, na kwenye miteremko ndipo chombo hiki hudanganya zaidi.

Tatu, kutokuona si dalili ya kutokuwepo. Ndege ya Malaysia iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ilitafutwa kwenye sakafu ya Bahari ya Hindi katika eneo la kilomita za mraba 120,000, na utafutaji ukasitishwa Januari 2017 bila ya kuonekana. Hata hivyo kipande cha bawa lake kilikuwa kimeokotwa kisiwani Pemba mwaka 2016. Bahari ililijibu kwa mawimbi lile lililoshindwa na vyombo.

Juu ya hayo, Ziwa Tanganyika lina tabia yake. Ukishuka mita 100 hadi 200 hewa ya oksijeni huisha kabisa katika maji. Hakuna samaki wala mdudu anayeishi huko. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu ila kidogo sana. Kwa hiyo mbao na vitu vingine huko huoza polepole mno. Na mwili wa aliyezama kwenye maji mafupi huibuka baada ya siku kadhaa kwa sababu ya gesi inayojaa tumboni. Lakini uzito wa maji huongezeka kwa kiasi cha hewa ya dunia nzima kila baada ya mita 10, na huko chini sana gesi hubanwa hata isiweze kuunyanyua mwili. Anayezama mbele ya Karema, palipo na kina kirefu, huenda asiibuke asilani. Wanaosema pwani kwamba ziwa limemficha, wameeleza jambo la kweli.

KAULI ZA FUQAHAA

Mtu aliyekatika habari zake, haijulikani yu hai au amekufa, wanazuoni humwita mafqud. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia nayo wengi wetu, kauli mpya ya Imam ni kwamba mkewe haolewi mpaka iyakinike kuwa mume amekufa au amemwacha. Imepokewa mfano wake kwa Sayyidna Ali (r.a.), ya kuwa mwanamke huyo amepewa mtihani, basi asubiri. Kauli yake ya zamani, inayofuata hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.) iliyopokewa na Imam Malik katika Muwatta, ni kwamba angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, kisha yu huru kuolewa. Malik naye yuko hapo. Mahanafi wao huirefusha mpaka wafe watu wa rika lake.

Mahanbali wamepambanua pambanuo ambalo kwa maoni yangu linawafaa sana watu wa maziwa na bahari. Wamesema mafqud ni wa namna mbili. Yuko ambaye hali yake ya dhahiri ni kusalimika, kama aliyesafiri kwa biashara akanyamaza. Na yuko ambaye hali yake ya dhahiri ni kuangamia. Na Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) katika al-Mughni ameupigia mfano kwa watu ambao chombo chao kimevunjika, wakazama baadhi na wakaokoka baadhi. Huyu wa pili mkewe husubiri miaka minne tu. Wamemtenganisha mvuvi na mfanyabiashara, na ni haki watenganishwe.

Sasa tulitazame neno yakini katika kauli ya Kishafi. Watu wengi hudhani maana yake ni kuuona mwili kwa macho. Sivyo. Wafafanuzi wa Minhaj ya Imam Nawawi wameingiza humo ushahidi wa waadilifu wawili, na habari iliyoenea kwa watu wengi wasioweza kukubaliana juu ya uongo, na hukumu ya kadhi. Wamefika hata kusema kwamba mwanamke akipewa habari ya kifo na muadilifu mmoja, inamjuzia baina yake na Mola wake kuolewa, japo mbele ya kadhi haitoshi. Basi yakini ya kisheria inajumuisha dhana yenye nguvu iliyojengwa juu ya msingi unaokubalika. Wala dalili za hali, yaani qarina, si ngeni katika dini: kanzu ya Nabii Yusuf (a.s.) iliyochanika kwa nyuma ilitosha kutambulisha mkweli na muongo, nayo imo ndani ya Qur'an.

Linalobishaniwa ni kiwango. Mashafi ni wazito kuhukumu kwa qarina peke yake. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria) ameufungua mlango huo kwa upana.

ZIWA LA WATU WA SUMATRA

Kwa bahati, suala hili limekwisha kuwafikia ndugu zetu wa madhehebu yetu, kwenye ziwa linalofanana na letu. Tarehe 18 Juni 2018, siku chache baada ya Idi, kivuko kiitwacho Sinar Bangun kilizama katika Ziwa Toba, kisiwani Sumatra, Indonesia. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Wakaokolewa watu wachache, hawakufika 25, na zaidi ya 160 hawakuonekana. Hapakuwa na orodha ya abiria.

Wenye kazi wakaleta vyombo vya sauti, wakapata umbo sakafuni. Wakateremsha roboti yenye kamera hadi mita 450, ikarejesha picha za miili, za pikipiki na za kamba za kivuko. Hapo shaka iliondoka. Lakini kuipandisha miili kutoka kina kile hawakuweza, na mwanzoni mwa Julai wakasitisha. Maiti wakaachwa walipo.

Tazama, ndugu msomaji, mambo mawili yaliyotengana hapo. Chombo kilitoa yakini, lakini hakikutoa mwili. Zamani mawili haya yalikwenda pamoja kwa aghlabu: ukiujua mwili ulipo, umeupata. Leo inawezekana kuujua usiupate, na hukumu za yakini zikawa njia moja, hukumu za maiti zikawa njia nyingine.

Hapa kwetu Tanzania yapo ya kulinganisha. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba. Miili 203 ikapatikana, na zaidi ya watu elfu moja hawakuonekana. Wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini hawakuweza kuifikia meli kwa sababu ya kina na nguvu ya mkondo. Wake na wajane wangapi walibaki baina ya hali mbili, Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi. Misri walipofikwa na jambo kama hilo, ilipozama meli ya al-Salam Boccaccio 98 katika Bahari ya Shamu tarehe 3 Februari 2006 na kufa zaidi ya watu 1,000, sheria yao ya mafqud ilirekebishwa mwaka huo huo: aliyethibitika kuwa ndani ya meli iliyozama au ndege iliyoanguka angeweza kuhesabiwa amekufa baada ya siku 15. Hawakungoja miaka minne, kwa kuwa hali ya kuangamia ilikuwa wazi.

Lakini haraka nayo ina ubaya wake. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, katika Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, fundi mmoja alitolewa hai baada ya siku mbili, alikuwa amepata mahali penye hewa ndani ya kivuko. Mwenye kumhukumia kifo usiku ule angekosea.

UZITO WA PICHA

Ninaloliona, baada ya kuyaweka haya pamoja, ni hili. Umbo lililoonekana kwa sauti peke yake, halijatambuliwa, ni shubha wala si ushahidi. Kadhi asijenge juu yake kitu. Umbo hilo likifuatwa na kamera, kikatambulika chombo kwa rangi, nambari au injini yake, hapo tumethibitisha kwamba chombo kimezama. Bado hatujathibitisha kuwa fulani alikuwamo. Hilo halitoki kwenye mtambo, linatoka kwa watu: waliomuona akipanda, wenzake waliookoka, mwenye mtumbwi aliyemuajiri. Vikikutana vitu hivi viwili, na chombo kikawa mbali na pwani kiasi ambacho mtu haogelei akafika, na muda ukapita asisikike, basi dhana imefikia mahali ambapo ninaona kadhi ana haki ya kuhukumu kifo hata kwa kauli mpya ya Imam Shafi. Hapo tumetimiza sharti lake la yakini kwa njia ambayo fuqahaa wa zamani hawakuwa nayo, wala hatukuiacha kauli yake. Wallahu aalam.

Faida yake kwa mwanamke ni kubwa. Eda ya kufiwa, ambayo kwa Qur'an ni miezi minne na siku kumi, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue, huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku habari ilipomfikia. Mafqud aliyehukumiwa kifo kwa kupita muda, eda ya mkewe huanza siku ya hukumu. Lakini ikithibitika kwamba chombo kilizama usiku fulani naye akiwamo, eda imeanza usiku ule. Mwanamke aliyengoja miezi sita anaweza kukuta kwamba eda yake imekwisha kitambo. Tofauti ya hesabu hizi mbili yaweza kuwa miaka mizima ya ujana wake.

Na je, ikiwa hakuna chombo? Hili ndilo la kweli zaidi kwetu, maana roboti za namna ile haziji Ikola kumtafuta mvuvi mmoja. Nasema wazi kwamba kukosekana kwa mtambo kusigeuzwe kuwa sharti jipya. Sharia haikuwajibisha picha kwa mtu yeyote. Ushahidi wa wavuvi wenziwe uliokuwa ukikubaliwa kabla ya mitambo unakubaliwa hadi leo. Na pasipopatikana hata huo, hukumu ya Sayyidna Umar ya miaka minne ipo, ina wanazuoni wake, na mwanamke asitundikwe baina ya ndoa na ujane uhai wake wote kwa kuwa ziwa letu ni refu. Zanzibar zipo Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na sheria. Huku Bara makadhi wa BAKWATA hawana nguvu ya dola, kwa hiyo jambo la mirathi na cheti cha kifo litapita pia serikalini. Lakini eda na ndoa ni ibada na muamala wa dini yetu, na Wamaliki wamesema kwamba pasipo na kadhi, jamaa ya Waislamu waadilifu husimama mahali pake.

KUOSHA, KUSWALIA NA KUUPANDISHA MWILI

Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyezama miongoni mwa mashahidi, kama ilivyokuja katika Bukhari na Muslim. Hiyo ni daraja yake Akhera. Duniani huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama maiti mwingine, na Imam Nawawi ametilia mkazo kwamba kuwa mwili ulikuwa majini hakutuondolei wajibu wa kuuosha, kwani wajibu huo ni wetu na sisi hatujaufanya.

Kisha katika Minhaj kuna mas'ala yanayowahangaisha wanafunzi. Aliyeangukiwa na ukuta au aliyezama, ikishindikana kumtoa na kumuosha, haswaliwi, kwa sababu kuoshwa au kutayamamishwa ni sharti ya swala hiyo. Baadhi ya Mashafi waliokuja baadaye hawakuridhika na hilo. Wakasema kwamba lililo jepesi haliangushwi kwa sababu ya lililo gumu, na kwamba makusudio ya swala ni kumuombea maiti. Hii kauli ya pili ndiyo inayotuliza nyoyo za wafiwa, na inaungwa mkono na swala ya Mtume (s.a.w.) kwa Najashi aliyekuwa mbali. Nami ninaifuata.

Lakini neno la kuzingatia katika maandishi yale ni kushindikana. Zamani mita 50 zilitosha kushindikana. Leo? Ndege ya Ufaransa iliyoanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ilionwa na roboti Aprili 2011, kwenye kina cha karibu mita 3,900, na miili zaidi ya 100 ikapandishwa. Ndege ya Yemenia iliyoanguka karibu na Ngazija tarehe 30 Juni mwaka ule ule, wakafa watu 152 na kusalimika msichana mmoja, vinasa habari vyake vilitolewa na roboti kutoka kina cha kiasi cha mita 1,200. Kwa hiyo mtu hawezi tena kusema kina fulani hakifikiwi na binadamu.

Ninachokiona ni kwamba kushindikana hupimwa kwa uwezo wa wale wanaowajibikiwa, si kwa uwezo wa tajiri kuliko wote duniani. Asiye na maji karibu hutayamamu, ingawa maji yapo mahali fulani na yanauzwa kwa bei asiyoimudu. Jamaa wa mvuvi wa Karema hawadaiwi meli ya roboti. Serikali au mwenye chombo cha abiria aliyebeba watu mia mbili yuko katika hesabu nyingine, na kwao neno limeshindikana lisikubaliwe kwa wepesi. Vilevile wapiga mbizi wasitumwe kwenye kina kinachowaangamiza. Uhai wa aliye hai hautolewi fidia ya mwili wa aliyekufa.

Kuhusu ndege ya Yemenia kuna jambo ambalo kila nilipodurusu mlango wa janaza limenijia. Fuqahaa wamesema anayekufa baharini mbali na nchi kavu, akishaoshwa, kukafiniwa na kuswaliwa, hufungwa kati ya mbao mbili na kuachwa majini, huenda mawimbi yakamfikisha kwa Waislamu wakamzika. Tuliosomea bara tuliiona mbali hukumu hii. Mwaka 2009 baadhi ya miili ya ndege ile iliokotwa Mafia, mamia ya kilomita kutoka ilipoangukia. Waliosema vile waliijua bahari.

Jambo jingine ni picha zenyewe. Maiti ana heshima yake kama aliye hai, na awra yake husitiriwa. Picha za roboti kutoka Ziwa Toba zilionyeshwa hadharani na kuenea duniani. Kadhi na jamaa wa karibu wana haja ya kuziona. Wasiokuwa hao hawana.

Ama mirathi, mtambo hausaidii katika lile gumu lake. Baba na wanawe wawili wakizama katika mtumbwi mmoja, isijulikane nani alitangulia kufa, kwa jamhuri ya wanazuoni hawarithiani wao kwa wao. Kila mmoja hurithiwa na warithi wake walio hai. Mahanbali wana tafsili yao. Hakuna kamera iwezayo kusema nani alikata roho kwanza, na asidai mtu hivyo ili kuhamisha fungu.

Limebaki jambo ambalo halihitaji mtambo. Katika baadhi ya misiba niliyoitaja, sumbuko kubwa la makadhi na serikali lilikuwa kutojua ni nani waliokuwamo. Kila mwalo wa Ikola, Karema na vijiji vya jirani una kikundi cha kusimamia uvuvi. Daftari moja la kuandika jioni majina ya wanaoingia, mtumbwi wanaopanda, nambari ya injini na upande wanaoelekea, likatiwa sahihi na watu wawili wanaoaminika, ni ushahidi ambao kadhi atauhitaji kabla ya kuhitaji picha yoyote ya chini ya maji. Na simu nyingi za mkononi hivi sasa zinaweza kuandika mahali hasa mtu alipokuwa juu ya maji. Mwenziwe mvuvi aliyeona taa ikizimika aandike pale pale nambari zile na saa, kabla upepo haujamsogeza.